Picha ya Jino la Bibi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kidonda kidevuni kwa miaka mingi. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama tundu la sindano ya kushonea magunia, chini kidogo ya mdomo, kikivuja majimaji yenye rangi ya uji uliolala. Kilikuwa kikifunga, kikikaa wiki mbili tatu mpaka tukadhani kimepona, kisha kinavimba, kinapasuka na kuanza upya. Nilipoolewa kilikuwepo. Katika picha za harusi yangu bibi amekaa mstari wa mbele ameshika kidevu, na wageni wa upande wa mume wangu walipouliza waliambiwa kwamba ni mtu wa kutafakari.

Aliishi Mpapura, mihogo mbele ya nyumba na mikorosho nyuma. Kidonda tulikitibu. Muuza duka la dawa alitupa mafuta ya kupaka, na kilipokataa akatupa mafuta mengine yanayofanana na yale ila kifuniko chake kilikuwa cha bluu. Zahanati walitoa vidonge vya rangi mbili. Alipovimeza kidonda kilikauka, vilipokwisha kikarudi. Daktari wa ngozi alikata kipande akakipeleka kupimwa kama ni saratani. Jibu lilirudi kwamba si saratani, wala halikusema ni nini. Shehe aliandika kombe, aya kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, bibi akanywa. Mwisho mama yangu alimpeleka kwa mganga, ambaye alitazama maji kwenye bakuli kwa muda mrefu akasema mgonjwa ametupiwa na mwanamke wa damu yake anayeishi karibu na maji.

Huku kwetu ni watu wachache wasio na ndugu wa kike anayeishi karibu na maji. Lakini bibi alikuwa na mmoja tu aliyegombana naye.

Huyo ni dada yake, ambaye sisi tunamwita bibi mkubwa. Aliolewa Msimbati, kule ardhi inapokwishia kabla ya mdomo wa Ruvuma. Mama yao alipofariki aliacha mikorosho, na kwa kuwa kwetu shamba hufuata upande wa mama, ilikuwa yao wawili. Waligawana bila tatizo isipokuwa mstari mmoja ulio karibu na kisima. Mjomba wao akaitwa kuamua, akampa mkubwa. Bibi yangu alisema aliyoyasema, maneno ambayo mama hadi leo anakataa kunirudia, na bibi mkubwa akamjibu, kwa matamshi yetu ya Kimakonde, mbele ya watu wote waliokuja kushuhudia mgawanyo: "Ndomo wako huo utaoza." Kisha akapanda gari akarudi kwake. Kabla msimu wa korosho uliofuata haujaanza, bibi akatoka kipele kidevuni.

Tangu hapo hawakusalimiana. Walikutana misibani, kila mmoja kwenye mkeka wake, na sisi wajukuu tulijifunza kupeleka sahani za wali pande mbili bila kutaja nani amepewa kwanza.

Jambo lililomuumiza bibi zaidi halikuwa kidonda chenyewe. Alikuwa mpishi. Mpapura yote, arobaini au harusi au maulidi, sufuria kubwa zilikuwa mikononi mwake, na wali ulioungua haukuwahi kusemwa kwamba ni wake. Kidonda kilipozidi kuvuja, wanawake wenzake hawakumwambia neno. Walianza kumwambia apumzike. Kwanza aliombwa akae tu aelekeze, halafu akaombwa akae na wageni, halafu akawa anapelekewa chai ya kwanza kabisa, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbali na moto, kidevu kimefunikwa kanga. Watu wa nje waliona ni bibi anayeheshimiwa sana. Yeye alijua amefukuzwa jikoni.

Mimi kazi yangu ni kukagua mizani. Msimu ukianza nazunguka maghala ya vijijini na mawe yangu ya kupimia, na mzani usiosema kweli naufungia mpaka utengenezwe. Sikuwa na lolote la kumsaidia bibi. Nilimletea sabuni nzuri.

Basi mwaka ule nyumba yake ilikuwa inaezekwa bati upya, akaja kukaa kwetu Likombe, hapa Mtwara. Gego langu la kushoto lilikuwa limetoboka, na asubuhi nilipojiandaa kwenda kliniki ya meno mjini alisema anakuja na mimi. Hakutaka kubaki na televisheni, ambayo anasema ina watu wasioitika salamu.

Daktari wa meno alikuwa dada wa kutoka Kagera, bado kijana, aliyehamia Mtwara na mumewe anayefanya kazi bandarini. Alinipiga picha ya gego, akasema nisubiri kidogo nje wakati msaidizi wake anaandaa vifaa. Nikakaa kwenye benchi na bibi. Bibi alikuwa na kiu, akashusha kanga ili anywe maji. Daktari alitoka kuniita na hakuniita. Alisimama mbele ya bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hicho kidonda kina muda gani?"

"Mimi nimesindikiza," bibi akasema, akipandisha kanga. "Ngonjwa ni huyu, mke mwenzangu."

Daktari alinitazama. Ilibidi nimweleze kwamba ni utani wa bibi na mjukuu, na kwamba mume wangu, kwa kadiri ninavyofahamu, ana mke mmoja.

"Naomba nikutazame mdomoni, bibi. Dakika moja tu."

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Meno ya mbele ya bibi yamechongwa ncha, juu na chini, kama walivyochongwa mabinti wengi wa Kimakonde wa umri wake. Kijijini hakuna anayeyashangaa. Mjini aliwahi kupigwa picha ya simu na mtu asiyemjua, sokoni, akichagua nyanya, na tangu siku hiyo mjini huongea kama mtu aliyebana pini ya ushungi midomoni. Alinitazama mimi. Nikamwambia huyu ni daktari wa meno, kazi yake ni kuona meno. Akafikiri, akaona kuna ukweli ndani yake, akaingia.

Daktari hakushangaa, au kama alishangaa alifanya hivyo nyuma ya barakoa. Alichukua pamba yenye baridi kali akawa anaigusisha kwenye jino moja baada ya jingine, na bibi aliambiwa anyanyue kidole kila akisikia baridi. Kidole kilinyanyuka kwa kila jino, hadi alipofika katikati ya meno ya chini. Kwenye mawili ya pale kilitulia juu ya paja.

"Bibi, meno haya mawili yamekufa."

"Hayaumi."

"Ndiyo maana hayaumi."

Nadhani bibi hakupenda kujibiwa haraka hivyo.

Alivalishwa aproni nzito ya kuzuia mionzi, akalalamika kwamba ni nzito kuliko mtoto. Kisha daktari akachukua kifaa bapa, kidogo kama biskuti, chenye waya unaokwenda hadi kwenye kompyuta, akakivisha plastiki safi na kukiweka ndani ya mdomo wa bibi, nyuma ya yale meno. Akasogeza mkono wa mashine karibu na kidevu, akamwambia asitingishike, akatoka mlangoni. Mashine ililia kidogo. Alipogeuka kwenye kompyuta picha ilikuwa imeshafika. Nilikuwa bado nasubiri aanze.

Kwenye kioo cha kompyuta meno ya bibi yalionekana meupe, ncha juu na mizizi chini, yamejipanga ndani ya mfupa wa kijivu. Chini ya mizizi ya yale mawili palikuwa na doa jeusi, la mviringo, kama mtu ameweka kidole kwenye unga.

"Hapa mfupa umeliwa," daktari akasema. "Kuna usaha umekaa. Sasa nataka tujue unatokea wapi."

Akachukua kijiti chembamba laini, cha mpira, akakipitisha polepole kwenye kile kidonda cha kidevuni. Nilitaka kutazama pembeni lakini niliogopa bibi angeona. Kijiti kiliingia, kikazidi kuingia, wala bibi hakukunja uso. Nilikuwa nikikiosha kidonda kile kwa sabuni yangu nzuri nikidhani ni cha ngozi. Daktari akapiga picha ya pili kijiti kikiwa ndani.

Safari hii hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mstari mweupe ulitoka kidevuni, ukapanda ndani ya nyama, ukapita kwenye mfupa, ukaishia kwenye ncha ya mzizi wa jino moja. Ulikuwa kama njia inayokwenda kisimani.

"Kidonda hiki si cha ngozi," daktari akasema. "Ni mlango tu. Jino limeoza ndani na usaha umetafuta pa kutokea."

Bibi, ambaye aproni ilimfanya akae kama hakimu, alitazama kompyuta kwa makini.

"Ndomo umeoza," akasema.

"Ndani ya jino na kwenye mfupa, ndiyo."

"Basi ni yeye."

Daktari akauliza ni nani. Nikajikuta namsimulia mikorosho, kisima, mjomba, na maneno ya bibi mkubwa, huku bibi akinisahihisha idadi ya miti. Nilidhani daktari atacheka au atatuambia mambo hayo tuyaache kijijini. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisikiliza hadi mwisho, akageuka, akaikuza ile picha ya kwanza. Pembeni yake akaweka picha ya gego langu.

"Tazameni jino la mjukuu. Mzizi wake unashuka, unazidi kuwa mwembamba, halafu unajifunga hapa mwisho. Sasa tazameni hili la bibi, lile ambalo kijiti kimefika." Akaonyesha kwa ncha ya kalamu. "Ni fupi. Na chini liko wazi, kama bomba lililokatwa."

Tuliona. Hata bibi alisogeza kichwa.

"Jino la ukubwani likishatoka, mzizi wake bado unaendelea kujengwa huko ndani. Unachukua miaka kama mitatu. Jino likifa kabla, ujenzi unasimama pale pale ulipofika, hauendelei tena mpaka mtu anazeeka. Hili lilikufa bibi akiwa na miaka minane, labda tisa." Akaniuliza mimi, "Ugomvi ulikuwa lini?"

"Bibi alikuwa ameshapata wajukuu."

"Basi jino lilikuwa limeshakufa miaka mingi kabla. Usaha unaweza kukaa kimya maisha yote, halafu siku moja ukatafuta njia."

Katika kazi yangu nimeona wenye mizani wakibishana na mawe. Bibi hakubishana. Aliinamisha uso, akaanza kupapasa ukingo wa ile aproni.

Daktari akamuuliza kwa upole, "Ulichongwa ukiwa na umri gani?"

"Ndogo," bibi akasema. Kisha akamalizia, "Haikuwa zamu yangu. Ilikuwa zamu ya dada. Mimi nililia."

Daktari alipiga picha ya tatu, mashine ikiwa imeelekezwa upande, akatueleza kilichobaki. Lile jino fupi lingeweza kutibiwa: litobolewe kwa nyuma, lisafishwe ndani, mwisho wake uzibwe kwa dawa inayoganda kama saruji. La jirani yake lilikuwa na mzizi kamili, lakini usaha ulikuwa umeuguguna upande mmoja, na kwa picha ile ya pembeni ulionekana kama muhogo uliopitiwa na panya. Hilo lilitakiwa kung'olewa.

"Halitoki," bibi akasema.

"Bibi, halina kitu cha kulishika."

"Limejishika lenyewe mpaka leo." Akajivua aproni mwenyewe, akaniambia twende nyumbani. Nilimwomba daktari anitumie zile picha kwenye simu. Gego langu lilizibwa wiki iliyofuata. Siku ile hakuna aliyelikumbuka, hata mimi.

Nyumbani bibi hakusema kitu siku kadhaa. Alikula, aliswali, alichambua choroko ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Mume wangu aliniuliza kama amemuudhi, nikamwambia hapana, ni mizizi. Jioni moja nikiwa naanua nguo, akanijia nyuma.

"Mke mwenzangu, nataka kwenda Nsimbati."

Mume wangu aliazima gari la jirani, tukaenda Jumamosi asubuhi. Barabara ya kule ikishaacha lami inakuwa mchanga, na gari lilizama mahali fulani tukashuka tukalisukuma, isipokuwa bibi, aliyebaki ndani akituambia tusukume upande gani. Kidevu alikuwa amekifunga kanga mpya. Hakuniambia anakwenda kusema nini na mimi sikuthubutu kuuliza.

Bibi mkubwa tulimkuta uani, kwenye mkeka, anasuka ukili. Alikuwa amekonda. Alitazama gari, akanitazama mimi, akatazama mume wangu. Halafu akamwona mdogo wake akishuka, na mikono yake ikaacha kusuka.

Bibi alikwenda moja kwa moja mpaka ukingoni mwa mkeka.

"Shikamoo, dada."

Nilihesabu kimoyomoyo. Ilikuwa shikamoo ya kwanza tangu nikiwa shule ya msingi.

"Marahaba," bibi mkubwa akasema. Sauti haikuwa ya hasira wala ya furaha. "Kaa."

Akakaa. Wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mihogo, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja, kama watu waliokutana juzi. Kisha bibi akasema:

"Nimekuja kukwambia kumbe siyo wewe."

"Siyo mimi nini?"

"Kidonda."

"Kwani nani alisema ni mimi?"

"Mimi."

"Ulinwambia nani?"

Bibi alifikiri kidogo, kwa uaminifu. "Kila ntu."

Bibi mkubwa akaurudia ukili wake, akasuka kidogo. "Nilisikia," akasema. "Hata huku tulisikia. Ningekuwa mchawi, mikorosho yangu ingepata ugonjwa wa ubwiri unga kila mwaka?"

Hilo bibi alikiri kwamba hakuwahi kulifikiria.

Nikaombwa simu. Nikafungua picha, nikapiga magoti mbele ya bibi mkubwa nikamwonyesha. Aliishika mbali na macho, akaisogeza, akauliza hivi ni vidole vya nani. Nikamweleza ni mizizi ya meno, nikamweleza ule mstari mweupe, na lile jino fupi ambalo liliacha kukua. Nikasema kama daktari alivyosema: lilikufa bibi akiwa mtoto mdogo, pengine siku ile ya kuchongwa, kwa sababu jino changa likichongwa, chombo kinafika kwenye uhai wake. Nilipomaliza, bibi mkubwa hakunirudishia simu. Aliendelea kuitazama hata kioo kilipozimika.

"Siku ile," akasema, "nilinwambia mama usichongwe. Nilisema bado ndogo huyu, mwaka kesho. Ukalia. Ulilia mpaka fundi akasema mleteni basi, nimalize niende kwangu."

"Nilitaka tufanane," bibi akasema.

"Na ulipowekwa chini ukataka kukimbia. Mama alishika miguu." Mdomoni alikuwa amebakiwa na meno machache ya juu, yenye ncha kama za mdogo wake, na alipokunja midomo yalijitokeza. "Kichwa nilishika mimi."

Mume wangu, ambaye kwao ni Songea na mambo haya anayapata nusu nusu, alitoka taratibu akaenda kukagua tairi.

"Basi na mimi nimo kidogo," bibi mkubwa akasema.

"Kidogo," bibi akakubali. Kisha akashusha kanga yake mpaka shingoni, kidevu na kidonda vikawa wazi, akachukua upande wa pili wa ukili akaanza kusuka naye. Mimi niliambiwa nikasonge ugali. Kutoka jikoni nilisikia wakiongea Kimakonde, kwa sauti ya chini na haraka mno kwangu, ambaye nimekulia mjini. Mara moja mmoja wao alilia. Sijui yupi.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na Mtwara, bibi alisema jino hilo la pili litoke.

Likatoka. Daktari alilivuta kwa urahisi uliomshtua bibi, maana aliamini limejishika. Aliliomba, akaoshewa, akalifunga kwenye pindo la kanga. Lile jingine lilitibiwa kwa safari kadhaa. Daktari alitumia visindano vyembamba vyenye meno kama tupa, akisugua ndani ya jino juu chini, na kila baada ya muda akipiga picha kuona amefika wapi. Bibi alipoelezwa ni nini kinafanyika aliniambia, alipopewa nafasi ya kufunga mdomo, kwamba huyu naye ni fundi wa kuchonga, ila huyu anachonga kwa ndani.

Kidonda kilikauka kabla matibabu hayajaisha. Hatukukipaka kitu. Mwanzoni hatukusema lolote, kwa sababu kilikuwa kimetudanganya mara nyingi. Mwezi ukapita, mwingine ukapita, na pale palipokuwa na tundu pakabaki na kishimo kidogo kikavu, ambacho mtu asiyejua angedhani ni urembo. Mama alimpigia simu yule daktari wa ngozi kumwarifu. Alisema amefurahi kusikia.

Daktari alipopendekeza jino la bandia la kuziba pengo, bibi alikubali kwa sharti moja, liwe na ncha. Daktari alimweleza kwamba hawezi kuchonga jino la mtu, tena baada ya yaliyotokea. Bibi akamjibu kwamba hilo si jino la mtu. Daktari alikaa akalifikiria, nikaona anatafuta sababu ya kukataa na haipati. Lilitengenezwa la kawaida, akalichonga mwenyewe mbele ya bibi, akilishika chini ya taa na kulilinganisha na la jirani, na bibi akimwambia ongeza, punguza. Hulivaa siku za sikukuu. Siku nyingine hukaa kwenye kikombe juu ya kabati.

Mpapura wanawake waliona kidevu, wakaona muda umepita, na kwenye maulidi yaliyofuata walimletea mwiko mkubwa pale alipokaa. Aliushika, akaurudisha. Alisema sasa amezoea chai ya kwanza. Nilipomuuliza baadaye kama alikuwa na kinyongo, alisema kinyongo hana, ila moshi unamchoma macho, wapike wao. Lakini nilimwona, wali ulipokaribia kuiva, akisimama kwenda kuonja, akarudi kuketi bila kutoa maoni, jambo ambalo liliwatia hofu jikoni kuliko kama angesema.

Miezi kadhaa baadaye tulirudi kliniki kuangalia maendeleo. Bibi mkubwa alikuwa kwetu, amekuja kwa ajili ya Idi na hajaondoka, akasema naye anakuja. Daktari alipiga picha, akaziweka mbili pamoja, ya zamani na mpya. Lile doa jeusi lilikuwa limejaa kijivu karibu lote. Mfupa ulikuwa umerudi. Bibi alitazama ya zamani na ya sasa, akaomba aonyeshwe tena, kisha akamvuta dada yake mkono amsogeze karibu na kompyuta.

"Hapa palikuwa shimo," akamwambia. "Pameota."

Bibi mkubwa alitikisa kichwa kukubali. Halafu akapanda kwenye kile kiti bila kuambiwa, akaegemea, akafumbua mdomo, akasubiri na yeye apigwe picha. Daktari alitazama ndani kwa heshima zote, akamwambia kwamba chini hakuna jino hata moja na juu yaliyobaki ni mazima, hivyo picha haina kazi. Bibi mkubwa alikaa vile vile kitini. Alisema ametoka Msimbati. Daktari akasema anaelewa. Bibi mkubwa akasema kama mdomo hauna shida, basi apigwe ya goti.

Goti tulimpeleka hospitali nyingine. Walimpiga picha mbili, wakamwambia ni uzee tu, na zote mbili ninazo kwenye simu kwa sababu hataki nizifute.